Je, ushuru wa Marekani utapandisha bei ya paneli za sola?

*Ninauza paneli Sori, Migori, na wateja wangu wengi ni wavuvi wa omena kutoka Homa Bay. Nasikia Marekani imetoza paneli za Asia ushuru mkubwa. Ninunue shehena sasa kabla bei haijapanda? – Muuzaji*

Ushuru dhidi ya bei ya kutupa hulipwa katika nchi iliyouweka tu. Ule wa Marekani wa 2025, kwa seli za Kambodia, Malaysia, Thailand na Vietnam, hautozwi kwenye kontena linaloshuka Mombasa. Hakuna sababu ya kukopa ili kujaza stoo.

Bei ya kutupa ni kuuza ng'ambo kwa bei iliyo chini ya ile ya soko la nyumbani. Unafuu peke yake si kosa: kwa kanuni za Shirika la Biashara Duniani, lazima ithibitishwe pia kwamba viwanda vya nchi inayonunua vimeumizwa na bei hiyo. Tofauti ya bei hizo mbili ikiwa chini ya asilimia 2, kesi hufungwa. Uchunguzi hauruhusiwi kuzidi miezi 18.

Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni kodi za Kenya. VAT ilirudishwa kwenye vifaa vya sola mwaka 2020, ikaondolewa 2021. Muuzaji mwangalifu husoma Sheria ya Fedha kila mwaka na kuhifadhi ankara zake.

Uchunguzi wa bei ya kutupa nchini Kenya ni kazi ya KETRA, taasisi ya serikali ya hatua za kulinda biashara, iliyoundwa kwa sheria ya 2017. Ikitangaza kesi ya paneli, waagizaji wamwone wakala wa forodha au wakili kabla muda wa kujibu haujaisha.