Dondoo muhimu: kubuni zimwi la mapango ya wafu

Ewe msanii wa Kikopey, Kenya, utakaye kubuni zimwi la makaburi ya chini ya ardhi, usiazime mahandaki ya Paris wala ya Roma, ilhali Bonde la Ufa lina maziara yake ya kale.

1. Anza na Pango la Mto Njoro, lililofukuliwa na wanaakiolojia Louis na Mary Leakey mwaka 1938, ambamo watu wa miaka ipatayo 3,000 iliyopita walizichoma maiti zao na kuziweka pamoja na mabakuli ya mawe, michi, mawe ya kusagia na shanga. Hivyo zimwi litokalo humo ni la makaa na majivu, wala si mifupa mitupu, kosa la wengi.
2. Silaha yake iwe jiwe jeusi la kioo cha volkano, lililochongwa Kariandusi, eneo la kale la bonde hilo hilo, tangu dahari.
3. Ukitaka weupe, chukua ule wa vumbi la diatomaiti ya machimbo ya huko huko.
4. Kabla ya kushika kalamu, amua linalinda nini au linamdai nani, kwani zimwi lisilo na haja halimtishi hata mtoto.
5. Kasoro moja ya mwili yatosha. Pembe, mabawa na meno yakirundikwa pamoja, hofu hutoweka.
6. Usilinasibishe na kabila lolote lililo hai.
7. Pangoni usiingie peke yako, wala usiokote hata kigae: Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inavilinda vitu vya kale vilivyomo.