Kisima Jirani na Kituo cha Mafuta: Maabara Iulizwe Nini?

Hii MTBE inayotajwa kila petroli ikivuja ni kitu gani?

Ni aina ya etha iliyokuwa ikichanganywa kwenye petroli. Marekani ilianza kuitumia mwaka 1979, risasi ilipokuwa ikipunguzwa kwenye mafuta na injini zikahitaji kitu kingine cha kuzizuia zisigonge. Sheria ya hewa safi iliporekebishwa mwaka 1990, maeneo yenye moshi mwingi yalitakiwa kuuza petroli yenye oksijeni ndani yake, na mara nyingi MTBE ikafikia asilimia 11 hivi ya ujazo. Hewa ikapata nafuu. Chini ya vituo, matangi ya chuma yalikuwa yakiliwa na kutu.

Kwani zamani petroli haikuvuja?

Ilivuja sana. Lakini lita moja ya maji huyeyusha takribani gramu 1.8 tu za benzini, sumu inayoogopwa zaidi ndani ya petroli, ilhali MTBE huyeyuka hadi gramu 50 hivi. Tena benzini hunata kidogo kwenye udongo, na bakteria wa ardhini huila. MTBE hainati na huliwa polepole, kwa hiyo husafiri karibu kwa mwendo wa maji yenyewe. Huko East Patchogue, jimbo la New York, ilifuatiliwa zaidi ya kilomita moja kutoka kituo kilichovuja. Kadiri ilivyosonga ndivyo ilivyozama, maana mvua iliyonywea juu yake iliikandamiza chini. Mpimaji mwenye kisima kifupi mahali kama hapo huchota maji safi kabisa, akaandika ripoti ya kufurahisha.

Iligundulikaje?

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Santa Monica, California. MTBE ilionekana kwenye visima vya Charnock mwaka 1995, na hadi 1996 mji ulikuwa umefunga visima vilivyoupa karibu nusu ya maji yake, ukabaki kununua maji ya kutoka mbali. Mwaka 1999 gavana Gray Davis aliamuru kemikali hiyo iondolewe kwenye petroli ya jimbo zima.

Ladha yake ni kama ya tapentaini, na wapo wanaoihisi ikiwa kidogo mno. Ndiyo maana California iliweka vikomo viwili: maikrogramu 13 kwa lita kwa ajili ya afya, na 5 kwa ajili ya ladha na harufu.

Sampuli ichukuliweje?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kabla hata ya kufika maabara. Maji yaliyolala kisimani yatolewe kwanza, kisha pampu iende taratibu bila kuyachafua. Chupa ni ndogo, ya kioo, ya mililita 40. Ijazwe hadi maji yavimbe mdomoni, ifungwe, igeuzwe kichwa chini na kugongwa kidogo. Ukiona kiputo cha hewa, chukua nyingine, kwa sababu kemikali hizi hukimbilia kwenye hewa. Jenereta iwe mbali, tena upande ule upepo unakoelekea, na aliyejaza mafuta garini asubuhi asiguse chupa. Ndani ya sanduku la barafu iwemo chupa ya maji safi iliyojazwa maabara, iende kisimani na kurudi bila kufunguliwa. Ikikutwa na MTBE, sanduku zima ni la kutiliwa shaka.

Kuhusu asidi, wengi huitia kwa mazoea ili kuua bakteria. Lakini sampuli yenye asidi ikipashwa moto wakati wa kupima, MTBE hugeuka kuwa aina ya alkoholi, na jibu hutoka dogo kuliko ukweli. Zungumza na maabara kabla ya kwenda kisimani.

Kipimo cha kawaida cha mafuta hakitoshi?

Hakitoshi. Kipimo cha jumla ya mafuta, au cha benzini na ndugu zake, kinaweza kutoka safi huku MTBE imo, kwa kuwa hutangulia wenziwe. Itajwe kwa jina kwenye fomu. Na mashine itakayotumika itambue molekuli kwa uzito wake, maana vipokezi vya bei nafuu huichanganya na viambato vingine vya petroli.

Na sisi wa Afrika Mashariki?

Mimi ningeanza na historia ya kituo. Kusini mwa Sahara petroli yenye risasi iliondolewa kufikia mwaka 2006, na pamoja na risasi ilikuwa ikitiwa ethilini dibromidi, dawa ya kuisafisha injini isijae masalia ya risasi. Dawa hiyo inaweza kudumu ardhini kwa miongo. Marekani hairuhusu zaidi ya maikrogramu 0.05 kwa lita ya maji ya kunywa, kiasi ambacho vipimo vingi vya kawaida havikifikii. Kama kituo jirani yako kiliuza mafuta kabla ya 2006, itaje nayo kwa jina, na uulize mashine yao inaona hadi kiasi gani kabla hujalipa.