NJAA NA UBONGO: KAZI YA PEPTIDI KATIKA HAMU YA CHAKULA

Watu wengi hudhani kwamba njaa huanzia na kuishia tumboni. Hata hivyo, mwaka 1931 madaktari wa Marekani walieleza habari za mgonjwa aliyeondolewa mfuko wote wa tumbo kwa upasuaji, lakini akaendelea kuhisi njaa. Basi yafaa kuutazama ubongo.

Chini ya ubongo, juu ya tezi ya pituitari, imo sehemu iitwayo haipothalamasi. Uzito wake ni gramu 4 hivi tu, lakini husimamia joto la mwili, kiu na njaa. Seli za neva za sehemu hiyo hupelekeana habari kwa kemikali. Baadhi ya kemikali hizo ni nyuropeptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino. Protini nazo ni minyororo ya namna hiyo hiyo, ila ni mirefu zaidi.

Mwaka 1982, mjini Stockholm, Kazuhiko Tatemoto na wenzake walipata katika ubongo wa nguruwe peptidi yenye asidi amino 36, wakaiita nyuropeptidi Y. Mwaka 1984 watafiti waliitia katika ubongo wa panya walioshiba; panya hao wakaanza kula tena kwa wingi.

Seli zitoazo peptidi hiyo zimepakana na kundi jingine litoalo alfa-MSH, peptidi yenye asidi amino 13. Kundi la kwanza huamsha hamu ya kula, na la pili huituliza, mfano wa vitanga viwili vya mizani.

Ni kitu gani basi huinamisha mizani hiyo? Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake, mjini New York, waligundua jeni ya leptini, homoni itokayo katika mafuta ya mwili. Leptini ikiwa nyingi katika damu, hulizuia kundi la kwanza na kulichochea la pili. Mtu akikosa chakula, leptini hupungua upesi, na kundi la kwanza hupata nguvu. Ndiyo sababu aliyepungua uzito huandamwa na njaa.

Mwaka 1999 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walitoa taarifa ya mtoto wa miaka 9 mwenye kilo 94, ambaye tangu kuzaliwa mwili wake haukuweza kutengeneza leptini. Alipodungwa sindano za homoni hiyo kwa mwaka mmoja, hamu yake ilitulia, naye akapungua zaidi ya kilo 16. Watoto wa namna hiyo ni wachache mno. Watu wanene walio wengi wanayo leptini nyingi, ila ubongo wao hauiitikii ipasavyo. Hata hivyo, fundisho ni moja: mtoto yule hakuwa mlafi, bali alikuwa mgonjwa. Anayemcheka mwenzake kwa unene huhukumu jambo asilolijua.

Maswali
1. Kiasi cha leptini hubadilikaje mtu anapofunga kula kwa siku nzima?
2. Kwa nini sindano za leptini hazitarajiwi kumsaidia kila mtu mnene?