Kitambaa cha Shingo cha Mwenye Baisikeli

Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, upande wa Njombe, miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi. Mji wa Njombe umekaa juu sana, karibu meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, na vilima vilivyouzunguka vina miwati, chai na mashamba ya viazi. Alfajiri ukungu hulala mabondeni. Mahali palipoinuka zaidi, kama vile Makete, sakitu huonekana juu ya majani, nayo ni umande ulioganda kwa baridi. Mtu wa pwani afikapo huko mara ya kwanza hudhani amedanganywa alipoambiwa kuwa hajatoka katika nchi yake.

Huko aliishi kijana mmoja aliyekwisha maliza masomo ya shule ya msingi. Kazi aliyopewa na baba yake ilikuwa kupeleka maziwa ya ng'ombe wao mahali yanapokusanywa, ng'ambo ya pili ya bonde. Aliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, madumu mawili yamefungwa kwa mpira juu ya keria. Njia yenyewe ilikuwa ya namna mbili tu: kwanza mteremko mrefu hadi kijitoni, kisha mpando mkali mpaka juu. Fedha ya maziwa hayo ndiyo iliyonunua sare na madaftari ya wadogo zake, kwa hiyo hapakuwa na siku ya kusema kwamba leo baridi imezidi.

Shingoni alijifunga skafu aliyoachiwa na kaka yake. Aliipenda kwa sababu mbili: ilikuwa nzito, tena ilikuwa nyekundu. Nayo ilikuwa ndefu, hata akiizungusha mara mbili ncha zake zilimfika kiunoni, naye alizitupa mgongoni. Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, alipokuwa katikati ya mteremko, upepo uliifungua skafu ile. Ncha moja ikaanguka mbele, ikaingia katika spoku za gurudumu la mbele. Gurudumu halina macho. Liliendelea kuzunguka, na kila lilipozunguka liliivuta ile ncha, nayo skafu ikaivuta shingo, hata kidevu chake kikagonga usukani. Hakuweza kupiga kelele. Kilichomwokoa si ujuzi wake wala nguvu zake, bali uchakavu wa skafu, kwa maana ilikatika mahali palipokuwa pameliwa na nondo. Kijana akaanguka kando ya njia pamoja na baisikeli yake, na dumu moja likapasuka. Aliporudi nyumbani alianza kueleza habari za maziwa yaliyomwagika; lakini baba yake alikuwa akiitazama shingo yake, palipokuwa na alama nyekundu kama ya kamba, wala hakuuliza neno juu ya maziwa.

Ajali ya namna hiyo imepata watu mbali na Njombe, na si wote waliookoka. Tarehe 14 Septemba, 1927, katika mji wa Nice, Ufaransa, Isadora Duncan, mwanamke wa Marekani aliyejulikana pote kwa kucheza dansi, alipanda motakaa ya wazi hali amejitanda shali ndefu ya hariri. Motakaa ilipoondoka, shali ilinaswa na gurudumu, naye akafa papo hapo. Hariri ni nyuzi nyembamba sana, lakini ni imara; haikukatika kama ile skafu iliyoliwa na nondo.

Baada ya siku ile kijana aliogopa kujifunga kitu chochote shingoni. Akaenda shingo wazi muda wa juma zima, na hapo akajifunza jambo ambalo skafu ilikuwa ikimficha. Hewa ikiwa imetulia kabisa, mwenye baisikeli aendaye mwendo wa kilomita 20 kwa saa hupigwa na upepo wa mwendo uo huo, ambao ameufanya mwenyewe. Upepo huo hupeperusha ile hewa kidogo yenye joto iliyoshikamana na ngozi. Nchi za Kanada na Marekani hutumia hesabu ya ubaridi wa upepo tangu mwaka 2001. Kwa hesabu hiyo, baridi ya digrii 5 ikichanganyika na upepo wa kilomita 20 kwa saa, ngozi ya uso huisikia kama digrii 1 tu. Nayo shingo ni mahali pasipo na kinga. Weka vidole viwili chini ya taya, kando ya koo, nawe utasikia mshipa mkubwa ukipiga karibu na ngozi. Ukosi wa koti hauwezi kupaziba hapo vizuri, kwa sababu mwenye baisikeli huinama mbele, na upepo huingia ukosini kama maji yaingiavyo katika mtaro. Siku ya tano kijana alishindwa kugeuza kichwa kutazama malori yaliyokuja nyuma yake. Hiyo nayo ilikuwa hatari, pengine isiyopungua ile ya kwanza.

Shangazi yake alikuwa fundi wa kufuma masweta ya shule kwa mashine. Kijana alipokwenda kumsalimu, akasema, "Shikamoo, shangazi," bila kuinua kidevu.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unatazama ardhi kama uliyeangusha shilingi?"

Akamweleza yote. Shangazi hakumcheka. Siku ya pili yake wakaenda pamoja sokoni, mahali pauzwapo mitumba.

Muuzaji mmoja akatoa skafu nene kuliko zote, akasema, "Hii ni sufu tupu, mama. Toka Ulaya." Shangazi akaomba uzi mmoja tu uliokuwa ukining'inia. Akasogea kando na nguo, akawasha kiberiti, akauchoma ule uzi. Ukajikunja, ukayeyuka, ukawa punje nyeusi iliyo ngumu. Akauliza, "Sufu gani hii iyeyukayo kama ndoo?" Muuzaji akacheka, akapunguza bei papo hapo. Sufu ya kweli haiyeyuki. Huungua polepole, hutoa harufu ya nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Jaribio hilo linafaa, ila lifanywe na mtu mzima, uzi mmoja tu, mbali na nguo nyingine.

Si haki, hata hivyo, kuzidharau nyuzi za viwandani. Kitambaa cha poliesta chenye manyoya mafupi hunyonya maji kidogo sana na kukauka upesi, na wapanda baisikeli wengi wa nchi za baridi hukitumia. Kosa la muuzaji lilikuwa kukiuza kwa jina na bei ya sufu. Kisha skafu ile ilikuwa imefumwa kwa matundu makubwa. Shangazi aliiweka mdomoni, akapuliza, na pumzi yake yote ikatokea upande wa pili. Unene hauna kazi kama upepo wapita. Kinachotunza joto si uzi wenyewe, ni hewa iliyotulia kati ya nyuzi, na hewa hiyo ikipeperushwa nguo imebaki kuwa mzigo.

Kijana akaonyesha mtandio wa pamba, laini na wa bei ndogo. Shangazi akaukataa pia. Pamba ni nzuri kwa mtu aliyekaa. Lakini mwenye baisikeli hutoka jasho apandapo mlima, pamba ikalinywa jasho hilo na kulishika, na ateremkapo hupata kitambaa kilicholowa kikipigwa na upepo. Sufu yaweza kuchukua unyevu upatao karibu thuluthi ya uzito wake, nayo bado haijasikika kuwa imelowa. Ubaya wake ni kuwasha. Sufu ya nyuzi nene huweza kuisumbua shingo hata kutoa vipele, na kwa ajili hiyo yapasa kuishika shingoni kwa muda kabla ya kulipa. Kuipapasa kwa mkono hakutoshi, maana ngozi ya mkono imezoea kazi.

Mwishowe walinunua sweta kuukuu la sufu laini, lililotoboka viwiko, ambalo hakuna aliyelitaka. Nyumbani shangazi akalifumua, akapima kichwa cha kijana kwa uzi, akafuma upya kitu cha mviringo, cha tabaka mbili, wazi juu na chini, mfano wa mkono wa sweta uliokatwa. Kimo chake kilikuwa sentimeta 25, kiasi cha kutoka mfupa wa bega hadi puani. Hakikuwa na ncha hata moja, wala pindo la kufungwa. Kijana akakiita kola isiyo na shati.

Akikivaa, shangazi alimwamuru atazame nyuma, kulia na kushoto, na kuinama kama aliyeshika usukani. Tena akaenda nyuma yake akamwita kwa sauti ndogo, apate kujua kwamba masikio hayakuzibwa. Mara ya kwanza kilibana mno, akafumua safu chache na kulegeza.

Namna ya kukitumia kijana alijifunza njiani mwenyewe. Kwenye mteremko alikivuta juu mpaka kidevuni. Alipofika kijitoni alikishusha chote, shingo ikawa wazi, apate kupanda mlima bila kukilowesha kwa jasho. Mdomo hakuufunika ila baridi ilipozidi, kwa sababu pumzi ina maji, na kitambaa kilichopumuliwa nusu saa hulowa kama kilichonyeshewa. Kila Jumamosi alikifua kwa maji ya baridi, akakibonyeza katika taulo pasipo kukisonyoa, akakilaza kivulini. Maji ya moto na kusuguliwa huishikamanisha sufu, ikafaa kuvikwa paka.

Kipande cha skafu nyekundu kilichobaki alikifunga chini ya keria, madumu yasigongane na chuma.

Baada ya majuma mawili baba yake, ambaye hupanda baisikeli siku za mnada tu, alisema kwamba koo linamwasha asubuhi. Shangazi akaupima kwa macho uzi uliobaki, akasema, "Lete kichwa hicho, kaka, nikipime."