Mabomba yenye jina: maswali ya wanaounganisha programu kwenye Unix na Linux

Karibu kila anayefanya kazi kwenye Linux ameshaandika alama ya | kati ya amri mbili. Wanaoendelea hadi kwenye bomba lenye jina, lile linaloundwa kwa amri ya mkfifo, ni wachache, na wengi wao huliacha mapema kwa sababu programu iliganda au ujumbe ulipotea bila maelezo. Maswali mengi ninayoulizwa kuhusu bomba hili yana mzizi mmoja: muulizaji amelichukulia kuwa faili. Lina jina kama faili, lina ruhusa kama faili, lakini halihifadhi kitu. Ni mahali ambapo programu mbili hukutana, na zisipokutana hakuna kinachopita.

Bomba hili linatofautianaje na ile alama ya | niliyoizoea?

Ndani ya keneli kazi ni ileile. Wazo lenyewe ni la Douglas McIlroy wa Bell Labs, aliyeandika mwaka 1964 kwamba programu ziwe na njia ya kuunganishwa ili data ipite kutoka moja hadi nyingine. Ken Thompson aliliingiza ndani ya Unix mwaka 1973. Bomba la wakati ule halikuwa na jina: programu mama huliunda, kisha huzaa programu nyingine zinazorithi ncha zake. Bila undugu huo, hakuna pa kulishikia. Seva iliyoanza tangu mashine ilipowashwa na skripti unayoiendesha jioni haziwezi kulitumia.

Toleo la System III, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndilo lililoleta bomba lenye jina, ambalo pia huitwa FIFO kwa kuwa kinachotangulia kuingia ndicho kinachotangulia kutoka. Programu yoyote inayojua lilipo, na yenye ruhusa, inaweza kulifungua. Leo limo katika viwango vya POSIX, kwa hiyo utalikuta Linux, macOS na kwenye jamii yote ya BSD.

Naomba mfano mdogo nijaribu mwenyewe.

Fungua terminali mbili. Katika ya kwanza andika:

mkfifo -m 600 ~/bomba
ls -l ~/bomba
cat ~/bomba

Itazame vizuri safu inayotolewa na ls. Herufi ya kwanza ni p, si kistari cha faili la kawaida wala d ya folda, na ukubwa ni 0. Amri ya cat nayo itakaa kimya. Sasa nenda terminali ya pili:

echo "habari za jioni" > ~/bomba

Maneno yatatokea kwenye terminali ya kwanza, kisha amri zote mbili zitamalizika kwa pamoja. Rudia ls: ukubwa bado ni 0. Hata ukipitisha gigabaiti mia humo, namba hiyo haibadiliki, kwa sababu data hupita kwenye kumbukumbu ya keneli na haigusi diski hata kidogo. Kilichoko kwenye diski ni jina tu.

Programu yangu inaganda pale inapofungua bomba. Kosa liko wapi?

Huenda hakuna kosa. Kwa kawaida, anayefungua ili asome husubirishwa mpaka atokee wa kuandika, na anayefungua ili aandike husubirishwa mpaka atokee wa kusoma. Ni sawa na kupokezana kijiti: huachii mpaka mwenzako awe amenyoosha mkono. Kwenye Linux, ukiuliza ps safu ya wchan kwa mchakato uliokwama hivyo, mara nyingi utaona wait_for_partner, jina la kipande cha keneli ambamo umelazwa.

Usipotaka kusubiri, fungua kwa kutumia O_NONBLOCK, lakini ujue kwamba pande mbili hazitendewi sawa. Msomaji atafunguliwa papo hapo hata kama hakuna mwandishi. Mwandishi asiye na msomaji atarudishiwa kosa la ENXIO. Tofauti hiyo ina mantiki, maana baiti za mwandishi zingekosa pa kwenda, na ina faida pia: ENXIO ndiyo njia rahisi kuliko zote ya skripti au programu kutambua kwamba seva haipo kazini.

Kuna mkwamo mwingine ambao ni kosa kweli, na humchosha fundi kwa sababu hautoi ujumbe wowote. Tuseme una mabomba mawili, "maswali" na "majibu". Programu ya kwanza inafungua maswali ili isome, kisha majibu ili iandike. Ya pili inaanza kwa kufungua majibu ili isome. Hapo kila moja inamngoja mwandishi ambaye hatakuja, kwa kuwa mwandishi huyo naye amekwama akingoja. Zitakaa hivyo mpaka uziue. Dawa ni mpangilio: programu zote mbili zifungue mabomba kwa utaratibu mmoja, kwanza maswali, halafu majibu.

Seva yangu inapokea ujumbe wa kwanza vizuri, kisha inajifunga. Kwa nini?

Kwa sababu imeambiwa data imekwisha. Mwandishi wa mwisho anapofunga ncha yake, na bomba likiwa limemwagwa lote, msomaji hupata jibu la baiti 0, yaani mwisho wa faili. Amri ya echo hufungua, huandika, hufunga. Baada ya echo moja hakuna mwandishi aliyebaki, kwa hiyo kitanzi cha seva kinakatika.

Wengi hutibu kwa kulifungua bomba upya kila mara. Inafanya kazi kwa kubahatisha: kati ya kufunga na kufungua kuna mwanya, na mteja akiingia hapo anaweza kuuawa au kupoteza ujumbe. Njia iliyo salama ni seva yenyewe kuishikilia ncha ya kuandika, hata kama haitaandika kamwe:

exec 3<> ~/bomba
while read -r agizo <&3; do
  echo "nimepokea: $agizo"
done

Ile <> hulifungua bomba kwa kusoma na kuandika kwa wakati mmoja. Linux inakubali, ila POSIX haikusema nini kitokee, kwa hiyo programu ya C inayotakiwa kuhamia mifumo mingine ifungue kwanza ncha ya kusoma kwa O_NONBLOCK, halafu ncha ya kuandika peke yake. Kwa vyovyote vile, seva haitaona tena mwisho wa faili. Iwekee neno la kuizima, au izime kwa ishara.

Programu kadhaa zikiandika kwenye bomba moja, mistari haitachanganyika?

Inategemea urefu wa kila andiko. POSIX inaahidi kwamba andiko moja lisilozidi PIPE_BUF litaingia zima, bila la mwingine kupenya katikati. Kiwango hicho hakiruhusiwi kuwa chini ya baiti 512, na kwenye Linux ni 4096. Ukizidisha, keneli ina ruhusa ya kulikata andiko lako na kumpisha mwingine katikati. Kwa hiyo kumbukumbu za matukio za mstari mmoja mfupi hazina shida, mradi kila mstari uandikwe kwa mwito mmoja wa write. Ukiandika tarehe kwanza, kisha jina, kisha ujumbe, hayo ni maandiko matatu na ahadi haiyaunganishi.

Ahadi hiyo ni ya waandishi. Wasomaji hawana yao. Kila baiti husomwa mara moja na mtu mmoja, basi. Ukiweka wasomaji wawili ukitegemea kila mmoja apate nakala, watagombania, na hata mstari mmoja unaweza kugawanyika kati yao, maana read ya bash huvuta baiti moja moja bombani. Anayetaka nakala kwa kila msomaji aunde bomba kwa kila mmoja na kugawa kwa tee.

Linabeba kiasi gani kabla ya kujaa?

Kwenye Linux, tangu toleo 2.6.11, ni baiti 65,536. Programu inaweza kuomba zaidi kwa fcntl na F_SETPIPE_SZ, na mtumiaji wa kawaida kwa desturi huishia baiti 1,048,576. Likijaa, mwandishi hulazwa mpaka msomaji apunguze. Wapo wanaolalamikia hilo, ilhali mimi naliona kuwa zuri kuliko yote: programu yenye kasi haiwezi kuizamisha iliyo polepole, na hukuandika hata mstari mmoja kuyapanga hayo. Ila umeme ukikatika, kilichokuwa bombani kimekwenda. Maagizo ya fedha yasikae humo.

Mwandishi wangu alikufa ghafla bila kuacha hata neno.

Tazama namba ya kutokea. Ikiwa ni 141, hiyo ni 128 kujumlisha 13, na 13 ni SIGPIPE. Msomaji wa mwisho aliondoka, mwandishi akaandika, keneli ikamuua. Ukiipuuza ishara hiyo, write itarudisha kosa la EPIPE, nawe utaamua la kufanya. Seva yoyote inayoandika bombani inapaswa kufanya hivyo.

Ujumbe unafika, lakini umechelewa dakika nzima, tena unakuja kwa mkupuo.

Bomba halina hatia. Maktaba ya C, ikiona inaandika kwenye terminali, hutoa mstari kwa mstari. Ikiona si terminali, hukusanya kwanza bafa nzima, mara nyingi baiti 4096 au zaidi, ndipo iachie. Jaribu stdbuf -oL mbele ya amri yako. Kwa grep tumia --line-buffered, na kwa Python tumia -u.

Kuna kazi gani halisi ambayo bomba hili huifanya vizuri kuliko njia nyingine?

Nitaanza na ya zamani inayopendwa na wasimamizi wa hifadhidata. Una faili kubwa lililobanwa kwa gzip, diski haina nafasi ya kulifungua, na programu ya kuingiza data inadai jina la faili wala haisomi kitu kingine. Unda bomba, kisha:

gzip -dc mauzo.csv.gz > ~/bomba &

Halafu ipe programu njia ya ~/bomba kana kwamba ni faili. gzip inafungua, hifadhidata inakula, na diski haiongezeki hata baiti moja. Mwongozo wa MySQL wenyewe unaeleza mbinu hii kwa LOAD DATA. Watumiaji wa Oracle waliitumia kinyumenyume, wakibana data wakati inatolewa, enzi ambazo mifumo mingi haikuruhusu faili kuvuka gigabaiti 2.

Ina mpaka wake. Bombani hakuna kurudi nyuma wala kuruka mbele, na lseek itakupa kosa la ESPIPE. Mbano wa zip, kwa mfano, una orodha ya yaliyomo mwishoni mwa faili, hivyo programu inayoanza kwa kuruka hadi mwisho itashindwa papo hapo.

Kazi ya pili ni kupokea maagizo. Nagios, programu ya kuangalia afya ya seva, hupokea amri za nje kupitia bomba lenye jina. Init ya zamani ya Linux ilisikiliza kwenye /dev/initctl, nalo lilikuwa bomba. Uzuri ni kwamba mteja hahitaji maktaba yoyote: anayejua echo anaweza kuagiza.

Usalama je?

Bomba hulindwa na ruhusa zake tu, basi zipange siku ya kwanza: -m 600 kwa mtumiaji mmoja, 620 kwa kundi linaloandika. Usiliweke /tmp kwa jina linalobashirika. Mtu mwingine anaweza kuwahi kuunda bomba lake kwa jina hilo, na siri zako zikamwendea. Linux toleo 4.19 ilileta kinga ya protected_fifos kwa hali hiyo, lakini folda yako mwenyewe ni kinga bora.

Angalia pia jambo hili, maana ndilo linalowapata wengi. Skripti ya mteja ikitangulia kabla bomba halijaundwa, echo haitalalamika. Itaunda faili la kawaida kwa jina lilelile, na ujumbe utarundikana humo bila wa kuusoma. Kabla ya kuandika, hakikisha:

[ -p ~/bomba ] || exit 1

Linaweza kuunganisha mashine mbili kupitia folda ya NFS?

Hapana. Jina litaonekana pande zote mbili, ila kila keneli itakuwa na bomba lake.

Ni lini niliache na kutumia soketi?

Mazungumzo yanapokuwa ya pande mbili na wateja wengi. W. Richard Stevens, mzaliwa wa Luanshya katika Zambia ya leo, ambaye vitabu vyake vimefundisha mambo haya kizazi kizima cha mafundi, alionyesha namna ya kufanya hata hilo kwa mabomba: seva ina bomba moja linalojulikana na wote, na kila mteja huunda lake la kupokelea majibu, jina likiwa na namba ya mchakato wake. Kila mwanafunzi aijenge mara moja, maana inafundisha mengi. Kwenye kazi ya kweli, soketi ya Unix humpa kila mteja njia yake, na seva inaweza kuiuliza keneli mteja ni nani, jambo ambalo bomba haliwezi.

Nikimaliza nalifutaje?

Kwa rm tu. Programu zilizokwisha kulifungua zitaendelea kuwasiliana mpaka zifunge ncha zao. Atakayekosa ni anayekuja baadaye. Kwenye skripti weka trap 'rm -f ~/bomba' EXIT mara tu baada ya mkfifo.