SOMO: NEHEMIA ALIFUNGA MALANGO

Kwa wapendwa wenye maduka, migahawa na biashara nyingine

Soma: Nehemia 13:15–22, Kutoka 18:13–24, Marko 6:30–32



Katika wilaya zetu za Ngara na Biharamulo Wakristo wengi ni wafanyabiashara. Yuko mwenye duka Rulenge, yuko mama wa mgahawa Nyakahura, yuko wakala wa fedha za simu Kabanga, yuko anayewauzia chakula madereva wa malori pale Benaco na Lusahunga. Biashara si dhambi. Lidia aliuza nguo za zambarau, na Paulo alishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Basi somo hili halimwambii mtu aache kazi. Linamwuliza: je, kazi yako ina mlango unaofungwa?

1. Nehemia na wachuuzi

Nehemia aliporudi Yerusalemu alikuta watu wakibeba mizigo siku ya sabato, na watu wa Tiro wakiuza samaki na bidhaa za kila namna. Hakupiga marufuku biashara. Aliamuru malango yafungwe giza lilipoanza kuingia, yasifunguliwe mpaka sabato ipite. Wachuuzi walilala nje mara moja au mbili. Akawaonya, nao hawakuja tena siku ile.

Tuangalie mambo mawili. Kwanza, Nehemia aliwagombeza wakuu wa Yuda, si wageni peke yao, kwa maana mwenye nyumba ndiye mwenye ufunguo. Pili, wachuuzi walijaribu mara moja au mbili tu. Walipoona lango halifunguki, walijifunza siku ya kuja. Wateja wetu nao hujifunza.

2. Ushuhuda

Nilipostaafu ualimu nilifungua duka dogo kwa fedha za kiinua mgongo. Nilijisifu kwamba duka langu halina saa. Mtu akipiga hodi saa tano usiku akitaka kiberiti, niliamka. Jumapili nilitoka kanisani kabla ya baraka ili niwahi wateja.

Asubuhi moja mke wangu aliamka na homa. Akasema, "Mwalimu, funga duka unipeleke zahanati." Nikamjibu, "Ngoja kidogo, mama, wateja hawa waishe." Ndugu zangu, wateja hawaishi. Tulifika zahanati jioni, malaria imempanda, hawezi kusimama. Mganga alipomaliza kumtibu alinipima na mimi, akakuta shinikizo la damu liko juu sana. Mungu alituponya wote wawili. Lakini ilinipasa kutubu kwanza mbele ya mke wangu, kisha mbele ya ushirika, maana nilikuwa nimemweka yeye nyuma ya kiberiti.

3. Malango manne ya kufunga

(a) Lango la saa. Andika mlangoni saa za kufungua na za kufunga, uzishike. Wakala naye azime simu ya kazi. Ikiwa jirani ana mgonjwa usiku, mfungulie. Bwana wetu alisema kondoo aliyetumbukia shimoni hutolewa hata siku ya sabato. Lakini sigara ya saa sita usiku si kondoo shimoni.

(b) Lango la mkopo. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Panga kiasi usichokivuka, na ukifika hapo kataa kwa upole. Ni afadhali jirani anune siku moja kuliko wewe kumchukia miezi mitatu. Ukitaka kumsaidia maskini, mpe kutoka mfukoni mwako, wala usiite mkopo. Na jilipe mshahara, ili fedha ya duka isiliwe nyumbani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

(c) Lango la mzigo. Yethro alimwona Musa akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, akamwambia kwamba atachoka, yeye na watu pia. Musa akachagua wasaidizi. Nawe mfundishe kijana mwaminifu, mhesabu bidhaa pamoja kila juma, kisha umwachie duka siku moja.

(d) Lango la mwili. Mitume walikosa hata nafasi ya kula kwa wingi wa watu, ndipo Yesu akawachukua faraghani wapumzike. Kula kwa wakati wake. Kapime shinikizo la damu hata kama huumwi, kwa sababu ugonjwa huu huweza kukaa mwilini bila dalili. Kipimo kikirudia kuwa 140/90 au zaidi, fuata ushauri wa daktari.

4. Hofu yetu

Wengi husema, "Nikifunga, mteja atakwenda kwa jirani." Huenda akaenda. Lakini sisi wa Ngara tuliona jambo kwa macho yetu. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda. Kambi ya Benaco ikawa kama mji, na soko lake likavuma. Desemba 1996 wakimbizi wale walirudi kwao, na soko lile likanyamaza. Wateja huja na kwenda. Mwenzi wako, watoto wako na mwili wako ndio unaobaki nao duka likifungwa. Mungu aliyetulisha kabla ya soko lile ndiye aliyetulisha baada yake.

Maswali ya kujadili nyumbani au katika ushirika

1. Ni lango gani kati ya haya manne limevunjika kwako?
2. Mwulize mume au mke wako: ni lini mara ya mwisho nilikuambia "ngoja kidogo"?
3. Sisi wateja tufanye nini ili wenye maduka nao wapate Jumapili yao?

Sala: Ee Bwana, utupe bidii ya kufungua asubuhi, na imani ya kufunga jioni. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.