Jile la kukuokoa majini: chagua, lijaribu, litunze

Kamina haina ziwa wala bandari, lakini watu wake wengi husafiri majini. Wafanyabiashara hupanda treni hadi Bukama, mahali reli inapokutana na mto Lualaba, kisha huendelea kwa mtumbwi au balenieri kwenda Kikondja, ziwa Kisale, Malemba-Nkulu na mbele zaidi. Kutoka Bukama hadi Kongolo ni zaidi ya kilomita 600 za maji. Kwa safari kama hiyo, jile la kuokoa maisha linunuliwe mapema, kwa pesa ileile ya mtaji.

Usidanganywe na rangi. Tazama ndani ya jile: lililotengenezwa kwa viwango huandikwa uzito wa mtu linayemfaa na nguvu yake ya kuelea kwa nyutoni. Lenye 50 linamfaa anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Lenye 100 linatosha maji matulivu. Lenye 150 limekusudiwa maji mabaya zaidi, na limeundwa kumgeuza hata aliyezimia ili uso utazame juu. Kwa msafiri wa Lualaba asiyejua kuogelea, nashauri asishuke chini ya 100.

Yako majile yanayojaa hewa kwa mtungi mdogo wa gesi. Ni mepesi, lakini mtungi ukishatumika lazima ubadilishwe, na mtungi wa kubadilisha ni vigumu kuupata huku kwetu. Nunua la sponji. Halina cha kufyatua, na hata likitoboka kidogo bado linaelea.

Lijaribu kabla ya safari. Livae, funga mikanda yote, kisha mwenzako alivute juu kwenye mabega. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno kwako. Halafu ingia maji ya kifuani, mahali salama, ukiwa na mtu kando yako, ukunje magoti. Mdomo ukibaki juu ya maji bila wewe kuhangaika, umepata lako.

Mtoto apate la uzito wake, kwa sababu la mtu mzima litamtoka kichwani. Na mama anayebeba mtoto mgongoni asikilize vizuri hapa: jile humlaza mvaaji chali, kwa hiyo mtoto aliyefungwa mgongoni atakuwa chini ya maji. Ndani ya mtumbwi, mfungue, mpakate mbele, naye awe na lake.

Kinachoharibu majile mengi ni matumizi mabaya. Watu huyakalia, huyapakia chini ya magunia ya samaki na makaa, sponji inabanwa mpaka haifufuki. Mafuta ya injini hula kitambaa, panya hula mikanda, jua hufifisha nyuzi. Lioshe kwa maji safi, lianike kivulini, litundike. Kila baada ya miezi michache bonyeza sponji: isiporudi, au jile likibaki zito baada ya kuchuruzika maji, acha kulitegemea. Mkanda uliokatika hushonwa kwa uzi imara; sponji iliyokufa haina fundi.

Ongeza filimbi iliyofungwa kwenye jile, na tochi ndani ya mfuko usiopitisha maji. Bidoni tupu la lita 20, lililofungwa vizuri na kuunganishwa na kamba ndefu, ni msaada mzuri wa kumtupia aliyeanguka. Haliwi badala ya jile, maana mikono ikichoka huliachia.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti lililotoka Minova lilizama katika ziwa Kivu karibu na gati la Kituku, Goma, mchana, watu wa ufukweni wakitazama. Wengi walikufa wakiwa wameshaiona bandari. Basi livae ukiwa bado ufukweni, usilivue mpaka ushuke. Na chombo kikijaa kupita kiasi, au nahodha akitaka kuondoka usiku, subiri kingine, hata kama mzigo wako umeshapakiwa.